Juu ya Kutia Tungo Katika Mafungu

Kwa miaka mingi nimekuwa na desturi ya kuanza masomo ya ushairi wa kale kwa kuchora jedwali ubaoni. Upande wa kushoto nilikuwa nikiandika majina ya mafungu: tenzi za vita, tenzi za dini, tenzi za mawaidha, mashairi, nyimbo, na upande wa kulia wanafunzi walinitajia tungo za kutia humo. Ni kazi nyepesi, huchangamsha darasa, na mtihani unapofika humpunguzia mtahini taabu. Siku moja mwanafunzi wa kike, aliyekuwa mkimya muhula mzima, aliuliza kama Utendi wa Mwana Kupona ungeweza kuandikwa mahali pawili. Nilimjibu kwamba mahali pake ni penye mawaidha, wala si kwingineko. Akaketi. Jibu lile limenisumbua tangu siku hiyo, maana lilikuwa jibu la mwenye jedwali, wala halikuwa jibu la msomaji wa utendi.

Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake mwaka 1275 wa Hijra, nao ni sawa na 1858 ya miladi. Alikuwa mgonjwa, na utungo ni kwa ajili ya binti yake. Humwambia asogee karibu, alete wino na karatasi. Kisha humpa anayotaka kumpa. Na hapa ndipo penye jambo ambalo mimi, pamoja na jedwali langu, nililipita mara nyingi bila kuliona. Mtunzi mwenyewe anautaja utungo wake kwa majina, na majina hayo si mamoja. Ni wasiati, yaani maneno ya mtu anayejua kwamba safari yake imekaribia. Ni hadithi iliyo moyoni. Ni hirizi ya kufungwa kwa uzi. Ni kidani cha lulu na marijani ambacho mama anamtungia binti, na neno kutunga hapo linafanya kazi mbili kwa mara moja, kazi ya sonara na kazi ya mshairi. Majina manne, na hakuna hata moja katika hayo lililokuwa katika safu yangu ya kushoto.

Tena tutazame beti zenyewe. Zipo beti za kumfundisha binti adabu mbele ya watu na mbele ya mumewe, na hizo ndizo zilizotangaa. Lakini zipo za mjane anayemkumbuka mume aliyeishi naye kwa mapenzi, na sehemu kubwa ya beti za nyuma ni dua: ya kuombea watoto, ya kuombea jamaa, ya kuomba afya. Mwishoni mtunzi anahesabu beti zake na kutaja tarehe, kama afanyavyo mtu anayeandika hati. Alice Werner na William Hichens walipouchapa mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza lenye maana ya nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Siwalaumu kwa kuuchapa. Bila ya kazi yao wengi wetu tusingalipata kuusoma. Walakini jina lile lilikuwa fungu, na fungu lile limesoma utendi kwa niaba yetu kwa muda wa miaka mingi. Msomaji aliyekwisha kuambiwa kwamba kitabu ni cha wajibu wa mke hufika kwenye dua akaziona ni mkia, akafunga kitabu. Sembuse mwanafunzi aliyeambiwa na mwalimu wake kwamba mahali pake ni pamoja tu.

Nathubutu kusema kwamba kila fungu ni jibu la swali. Anayesema "huu ni utenzi" amejibu swali la umbo: beti ya vipande vinne, kila kipande mizani minane, vipande vitatu vya kwanza kwa kina kimoja na cha nne kwa kina kinachopita utungo wote. Hajasema lolote juu ya yaliyomo. Ndiyo maana vita vya Tambuka, ambavyo Mwengo wa Athman alivitunga na ambavyo mswada wake una tarehe ya 1728, na wasia wa mama kwa binti, vinaweza kuitwa kwa jina hilo hilo bila ya ugomvi. Lakini anayesema "hii ni kimai" amejibu swali jingine: wimbo unaimbwa na watu wa baharini. Anayesema wawe anataja wakulima. Anayesema gungu anataja ngoma. Wazee wetu hawakuwa na jedwali moja lenye swali moja. Walikuwa na maswali kadha wa kadha, na kila jina lilitoka katika swali lake. Sisi tuliosoma vyuoni tuliyachukua majina hayo yote, tukayapanga katika safu moja, kisha tukashangaa kuona kwamba yanagongana.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ni shahidi mwema. Ina vipande vinne na mpango wa vina kama wa utenzi, lakini mizani ya kila kipande ni kumi. Je, ni utenzi? Nimehudhuria mabishano ya saa nzima juu ya swali hilo, na katika saa hiyo hakuna mtu aliyetaja majumba ya Pate yaliyobaki magofu, wala popo, wala taa zilizozimika. Mtunzi ameuita utungo wake nudhumu, maana yake maneno yaliyopangwa, kama kwamba alijua tutakavyokuja kubishana, akatuachia neno pana.

Yamkini msomaji atasema kwamba mabishano ya darasani hayamdhuru mtu. Basi na tutoke darasani, twende maktaba, mahali ambapo fungu si neno tu bali ni ubao wa rafu, na kitabu kilichowekwa pasipo pake ni sawa na kitabu kilichopotea. Mkutubi ana shida ambayo mwalimu hana. Mwalimu aweza kuandika jina moja ubaoni mara tatu. Mkutubi ana nakala moja, na nakala moja haikai mahali pawili. Hana budi kuchagua.

Mwaka 1876 Melvil Dewey, kijana wa Marekani wa miaka ishirini na minne, alichapa kijitabu cha kurasa 44 bila ya kutia jina lake. Ndani yake aligawa elimu yote mafungu kumi, kila fungu likagawika kumi, na kila dogo likagawika kumi tena. Faida yake ilikuwa kubwa: kabla ya hapo maktaba nyingi zilikipa kitabu namba ya mahali pa rafu, na rafu ilipojaa kazi yote ilianza upya. Tangu Dewey namba ikawa ya somo, na kitabu kikaweza kuhama pamoja na jirani zake. Lakini aliyegawa alikuwa amesimama mahali fulani, na unapotazama hesabu waona alipokuwa amesimama. Fungu la 200 ni la dini. Sehemu iliyo kubwa mno humo ni ya Ukristo, na 290 ikawekwa kwa ajili ya dini nyingine zote, Uislamu ukiwa 297. Fungu la 800 ni la fasihi: Kiingereza 820, Kijerumani 830, Kifaransa 840, hata Kilatini na Kiyunani zikapata nyumba zake. Lugha zilizobaki ziliingia 890. Fasihi ya Kiswahili leo yasomeka 896.392. Kwa Kiingereza tarakimu tatu zatosha. Kwetu ni sita, na ushairi ukitajwa huwa saba. Silalamiki juu ya wingi wa tarakimu, ambao haujamzuia mtu kusoma. Nasema tu kwamba urefu wa namba hauna uhusiano na urefu wa fasihi. Hueleza umbali baina ya lugha yetu na meza ya yule aliyekuwa akiandika.

Ila penye umbali hapakosi kuwa na madhara siku moja. Katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, mkutubi Dorothy Porter alianza mwaka 1930 kukusanya na kupanga vitabu vya watu weusi. Alipouliza maktaba nyingine zilivyokuwa zikifanya, aligundua kwamba zilikuwa na namba mbili hasa za kutilia vitabu hivyo: 325, iliyokuwa ya ukoloni na uhamiaji, na 326, iliyokuwa ya utumwa. Hata mashairi ya James Weldon Johnson yaliwekwa 325, kwa kuwa mtunzi wake alikuwa mweusi. Swali lililotakiwa kuulizwa lilikuwa "Kitabu hiki ni cha nini?" Lililoulizwa lilikuwa "Kitabu hiki ni cha nani?" Bi. Porter hakukubali. Aliviweka vitabu kwa masomo yake: ushairi mahali pa ushairi, historia mahali pa historia. Hakutunga nadharia ndefu juu ya jambo hilo, alihamisha vitabu. Namheshimu sana kwa hilo, maana kijana aliyekwenda maktaba kutafuta ushairi na akaukosa penye ushairi angaliondoka na imani kwamba watu wake hawakutunga.

Ng'ambo ya bahari yetu, Madras, alikuwako mwalimu wa hesabu, S. R. Ranganathan, aliyefanywa mkutubi wa chuo kikuu cha mji huo mwaka 1924. Yeye aliuliza swali lililo zuri zaidi. Badala ya kuuliza kitabu kiingie fungu gani, aliuliza kina pande ngapi. Katika mpango wake wa mwaka 1933 kila somo huchambuliwa kwanza: kitu chenyewe, maada yake, tendo linalofanyika, mahali, wakati, kisha namba hujengwa kwa kuunga pande hizo kwa nukta pacha. Kitabu bado hukaa mahali pamoja, kwa sababu rafu ni mbao na mbao hazijui falsafa. Lakini namba yake huungama kwamba kina pande nyingi. Maktaba chache ziliufuata mpango huo, kwa kuwa ni mgumu. Fikira yake, hata hivyo, naiona imetufaa hata sisi tusiopanga vitabu.

Tena fikira hiyo si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili, ingawa yeye hajapata kusikia habari za Madras. Lugha yetu ni lugha ya mafungu. Hatuwezi kutamka jina bila ya kulitia katika ngeli, wala kusema sentensi bila ya ngeli hiyo kujirudia mpaka mwisho. Mtu angetazamia basi kwamba tungekuwa watumwa wa fungu moja kwa kila kitu. Sikilizeni tunavyosema: "mama yangu amefika." Katika "yangu" mama yumo katika ngeli ya 9, pamoja na nyumba na kalamu; katika "amefika" yumo katika ngeli ya 1, pamoja na mtu na mgeni. Maneno matatu, ngeli mbili, mama mmoja, na hakuna mtoto wa miaka minne anayetatizwa. Kipofu amevaa vazi la kitabu na kiti, lakini hatusemi kipofu kimekuja, twasema amekuja. Na tukitaka kumpunguza kiumbe au kumbeza, twaweza kulitumia fungu kwa makusudi: kijitoto kimelia. Hapo fungu si ukweli wa kitu. Ni hukumu ya msemaji, na kila asikiaye ajua ni nani aliyehukumu.

Waandishi wa sarufi walipokuja walitaka kila jina liwe na ngeli moja. Wako waliogawa kwa umbo la mwanzo wa jina, na kwao kipofu ni KI-VI. Wako waliogawa kwa upatanisho, na kwao kipofu ni A-WA. Walimu wa shule hugombana juu ya hilo hata leo, na mwanafunzi hupewa alama au hunyimwa kwa kutegemea mwalimu wake alisoma kitabu gani. Wote wawili wana haki, kwa kuwa kila mmoja ana swali lake. Wanakosea wanapodhani kwamba swali ni moja. Namba zenyewe, tulizoachiwa na Bleek na Meinhof katika karne ya 19, zina somo lake. Ngeli zetu huenda moja, mbili, tatu hadi kumi na moja, kisha 12 na 13 hazimo katika Kiswahili sanifu. Mwanafunzi hudhani zimepotea. Hazikupotea: namba zilipangwa kwa ajili ya kulinganisha lugha za Kibantu zote, na Kigikuyu, kwa mfano, kina vyote viwili, kaana na twana. Nafasi zile tupu ni alama ya swali la aliyepanga. Tungalifurahi kama kila jedwali lingalituachia alama kama hiyo.

Sasa nirudi kwenye vitabu, kwa kuwa hapo ndipo penye hasara yetu kubwa zaidi. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951. Tumezoea kuiweka penye riwaya, na tukishaiweka tunaanza kuidai madeni ya riwaya. Nimesoma insha za wanafunzi, na makala za watu ambao si wanafunzi tena, zikisema kwamba wahusika wake hawakui, kwamba Karama ni wema mtupu na Majivuno ni ubaya mtupu, kwamba wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, ni majina ya sifa wala si watu. Yote hayo ni kweli. Lakini ni kweli kama mtu anavyosema kweli anaposema kwamba jahazi halina magurudumu. Soma Kusadikika kama hotuba ya mshitakiwa mbele ya baraza, na mara moja hesabu inageuka. Karama ameshitakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Waziri anamshitaki, Karama anajitetea, na utetezi wake ni visa vya wajumbe waliopelekwa kila upande, wakarudi na habari za manufaa, wakalipwa adhabu. Visa vile havitakiwi kukuza wahusika. Vinatakiwa kurundikana, kimoja juu ya kingine, mpaka mashitaka yaelemewe. Yule aliyechoka kwa kurudiwa-rudiwa kwa visa alikuwa akisoma riwaya. Baraza la Kusadikika lilikuwa likisikiliza ushahidi.

Haya si maneno ya kukitetea kitabu kisiguswe. Hata kwa kipimo cha hotuba kina mapungufu: baadhi ya safari zinapita upesi mno, na mwisho wake unakubaliana na mshitakiwa kwa wepesi ambao mabaraza ya dunia hii hayana. Lakini mapungufu hayo ni yake mwenyewe. Yale mengine tulimbebesha.

Wasifu wa Siti binti Saad, wa mwaka 1958, ni mfano wa namna hiyo hiyo, nami nitaupitia kwa ufupi. Mkutubi aweza kuuweka penye maisha ya watu, au penye muziki, kwa kuwa Siti alikuwa mwimbaji, aliyefika Bombay mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Au penye fasihi, kwa ajili ya mwandishi. Wahakiki wamelalamika kwamba mwandishi anasifu mno. Neno lenyewe lilikwisha kuwajibu: wasifu ni ndugu wa sifa. Aliyeahidi wasifu hakuahidi upelelezi.

Na Amri Abedi? Sheria za Kutunga Mashairi ilitoka mwaka 1954, nayo ilikuwa zawadi kwa kila aliyetaka kujifunza kutunga. Miaka ishirini baadaye, Kezilahabi alipotoa Kichomi, 1974, palitokea ugomvi: tungo zisizofuata vina na mizani ni mashairi au si mashairi? Ugomvi huo umeandikwa vya kutosha na siutaki. Naona tu kwamba kitabu kilichojibu swali "shairi hutungwaje?" kilifanywa kijibu swali "nani si mshairi?", na kwamba wengi waliobishana walikuwa na haja ya fungu kuliko haja ya Kichomi.

Yuko atakayeniambia kwamba nataka kuvunja rafu. Sitaki. J. W. T. Allen alipochapa mwaka 1970 orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifanya mema ambayo hatutamlipa. Msomi asiye na orodha ni mtu anayetafuta sindano gizani. Nami sijaliacha jedwali langu. Nimebadili safu ya kushoto. Hapo palipokuwa na majina ya mafungu sasa naandika maswali: Una mizani mingapi? Uliimbwa wapi? Uliambiwa nani? Mtunzi ameuitaje? Utungo mmoja huandikwa mara nne, ubao hujaa kabla ya tungo tano kwisha, na wanafunzi hunung'unika kwamba hawajui wanakili nini.

Muhula uliopita tulifika kwa Mwana Kupona, penye swali la tatu. Nilitazamia waandike "binti yake" na kupita. Kijana mmoja wa nyuma akasema kwamba beti za dua hazikuambiwa binti. Mwingine akasema ziliambiwa, kwa kuwa binti ndiye aliyekuwa ameshika kalamu na hakuwa na budi kuziandika. Tukazirudia zile beti kwa sauti, tangu mama anapoomba wino, na saa ikaisha kabla hatujajaza safu.